Muulize Mjomba: Tovuti imekaguliwa, ripoti imerudi nyekundu, nani alaumiwe?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, aya moja, kwamba taasisi za umma zimeanza kuletewa wakaguzi wa kupima kama tovuti zao zinatumika na watu wenye ulemavu, nikawashauri pia muwashe TalkBack, ile sauti inayosoma skrini ya simu, mjionee. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Mtumba, Kongwa, Kondoa, kuna moja imekuja ikiwa picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu kwenye mwanga hafifu, inalalamika kuhusu mkaguzi aliyesema tangazo lao halisomeki (hiyo nimeipenda sana, nimeijibu humu humu). Majina nimeyaacha pembeni kwa sababu mnazozijua.

Shikamoo mjomba. Mimi ni ofisa TEHAMA kwenye taasisi moja ya umma hapa Dodoma. Tulitengenezewa tovuti mpya na mzabuni, siku ya kukabidhi akatufungulia Lighthouse, programu ya Google ya kupima tovuti, ikaonyesha 96 kati ya 100 kwenye ufikivu, yaani tovuti kutumika na wenye ulemavu, bosi akapiga makofi na mimi nikapiga. Juzi kati wafadhili wa mradi wetu mmoja wakaleta mkaguzi wao, kakaa siku nne, ripoti imerudi kurasa sitini na kitu, nyekundu mwanzo mwisho. Bosi ameniita anauliza kati ya hawa wawili nani muongo. Nimekosa jibu. — Ofisa TEHAMA, Mtumba

Marahaba mpwa. Hamna muongo hapo, wamepima vitu viwili tofauti, na hilo mwambie bosi mapema kabla hajaanza kutafuta mchawi.

Lighthouse ni mashine. Unaipa ukurasa mmoja inasoma kilichoko nyuma ya ukurasa, ikikuta picha imewekewa maelezo ya kusomewa asiyeona inatiki inaendelea, haina habari maelezo yenyewe yanasema nini. Nimewahi kukutana na picha ya uzinduzi wa mradi wa maji, kiongozi kashika koki, wananchi wanashangilia, halafu maelezo ya asiyeona pale ni "IMG_2034". Mashine imetiki. Waingereza walishalifanyia jaribio hili mwaka 2017, watu wa Government Digital Service, kitengo cha serikali yao cha huduma za mtandao, walitengeneza ukurasa mmoja mbovu makusudi, wakaujaza vikwazo zaidi ya 140, kisha wakapitisha mashine mbalimbali za kukagua, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikamata kama asilimia 40 hivi. Kwa hiyo hiyo 96 yako ni 96 ya yale ambayo mashine ina uwezo wa kuyaona, na mengi haiyaoni.

Ngoja nikupe mfano wa kwetu kabisa, maana huu hautaukuta kwenye vitabu vya wazungu. Kila ukurasa wa tovuti una sehemu ndogo juu kabisa inayotaja lugha ya ukurasa. Sasa mzabuni kanunua templeti nje, ule muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, imekuja imeandikwa "en", yaani Kiingereza, yeye kabandika Kiswahili chetu juu yake na hilo neno kaliacha vile vile. Mashine inaangalia kama lugha imetajwa, imetajwa, tiki. Siku nilipokaa na kijana mmoja asiyeona aliyemaliza chuo hapa hapa mjini, tukafungua tovuti ya taasisi fulani kwa NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, nilicheka hadi nikaona aibu. Ajira ikatoka "ejaira". Tume ikatoka "tyumu". Mtambo unasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, kasi kama mnadani, sisi tunaosikiliza tunaambulia maneno mawili matatu. Yule kijana wala hakushangaa, akaniambia mzee mi nimeshazoea, huwa natafsiri kichwani. Yaani mtu anafungua tovuti ya Kiswahili, nchini kwake, na bado anatafsiri kichwani! Na dawa yake ni kubadilisha herufi mbili, "en" iwe "sw", sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA Kiswahili imo. Lafudhi yake ya kiroboti kidogo lakini inaeleweka.

Cha pili fanya mwenyewe leo hapo ofisini, sukuma mausi pembeni, anza kubonyeza kitufe cha Tab. Je unaona uko wapi? Tovuti nyingi wametoa ile fremu inayozunguka kitu ulichokifikia kwa sababu dizaina aliona inaharibu urembo, basi mtu anayetumia kibodi peke yake, mikono inatetemeka au ana mkono mmoja, anatembea gizani. Halafu hesabu umebonyeza mara ngapi mpaka umefika kwenye habari yenyewe, maana menyu zetu mnazijua, Kuhusu Sisi ina vitu tisa, Idara ina kumi na nne. Panatakiwa kiungo cha kwanza kabisa kinachokurusha moja kwa moja kwenye maudhui. Na yale maandishi ya matangazo yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kukoma, na slaidi za picha zinazojibadilisha zenyewe, sheria ni kwamba kitu kinachotembea chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maandishi mengine lazima kiwe na batani ya kukisimamisha. Ungekuwa uamuzi wangu ningeyatoa kabisa, sijawahi kumuona binadamu anayasoma.

Na "Soma zaidi". Asiyeona mara nyingi hasomi ukurasa wote, anaiambia programu imletee orodha ya viungo tu achague. Orodha ya tovuti zetu inakuja: soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi, pakua, pakua, soma zaidi. Achague kipi?

Sasa hizo kurasa sitini zisikutishe. Zisome kwa kutafuta yanayojirudia, utakuta makosa halisi ni kama saba au nane, mkaguzi kayaandika upya kila ukurasa alikoyakuta. Ya menyu, lugha, fremu ya kibodi, rangi, hayo yanakaa kwenye templeti, ukirekebisha mara moja yanaondoka tovuti nzima. Anza na hayo, bosi ataona nyekundu inapungua haraka na presha itashuka.

Kuhusu mzabuni, utoe mkataba uusome. Nina uhakika wa kama asilimia mia kwamba umeandikwa "tovuti iwe rafiki kwa mtumiaji" basi, na hiyo haipimiki hata mahakamani, yeye atakwambia ni rafiki. Mkataba ujao andikeni WCAG 2.2 kiwango cha AA. WCAG ndo mwongozo wa kimataifa wa W3C, wale wanaosimamia viwango vya wavuti, toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023 na ukijumlisha A, kile kiwango cha chini, na AA ni vigezo 55, vinahesabika. Halafu ongezeni sentensi moja: malipo ya mwisho hayatoki mpaka mtu atumie tovuti kwa kibodi na kwa NVDA mbele ya kamati ya mapokezi. Hiyo sentensi ya malipo ina nguvu kuliko vigezo vyote 55, we jaribu.

Habari za kazi mjomba. Mi ni afisa habari halmashauri moja ya kanda ya kati. Mkaguzi kasema matangazo yetu karibu yote ni picha ya karatasi hayasomeki. Lakini mjomba, tangazo lisilo na saini ya mkurugenzi na muhuri nani ataliamini? Matapeli wa ajira wamejaa. TEHAMA wanasema kosa langu, mi nasema la utumishi, utumishi wanasema masijala ndo wanaoskani. Tunarushiana mpira tu hapa. — Katikati ya Mpira

Salama mpwa. Huyu ndo aliyeniandikia kwa picha ya karatasi, ndugu wasomaji.

Nikwambie kitu nilichokiona kila nilipokaa kwenye kikao cha kusomewa ripoti ya aina hii: mkaguzi anaitwa kukagua tovuti, anaishia kukagua ofisi. Fuata safari ya tangazo lako. Linaanza likiwa zima kabisa, maandishi safi kwenye kompyuta ya katibu muhtasi. Linachapwa kwenye karatasi. Linakwenda kwa mkurugenzi linakaa siku mbili, linasainiwa, linagongwa muhuri, linashuka masijala linaskaniwa, mara nyingine limelala upande, mara nyingine kivuli cha stepo kimefunika namba ya simu, ndo unaletewa wewe kwa WhatsApp upandishe. Pale kwenye skana ndo maandishi yalipokufa yakawa picha. Programu ya kusoma skrini ikifika hapo inasema "grafiki" inanyamaza, au haisemi kabisa. Sasa fundi wa tovuti atarekebisha nini hapo? Hawezi kufufua.

Na usifikiri wanaoumia ni wasioona peke yao. Nani kati yetu hajawahi kufungua majina ya walioitwa kwenye usaili, pidiefu ya kurasa arobaini imeskaniwa, unatafuta jina lako kwa simu, unavuta unapunguza, unavuta unapunguza, ukiandika jina kwenye kutafuta inakwambia hamna, moyo unakudunda umekosa, kumbe upo ukurasa wa 31? Ni kwa sababu ile ni picha, haina maandishi ya kutafuta. Bando limeisha na presha juu.

Hofu yako ya utapeli naiheshimu, siyo ya kuchekea. Ila jiulize, yale matangazo feki ya ajira yanayozunguka kwenye magrupu hayana muhuri? Yana muhuri mzuri kuliko wenu! Muhuri wa kuskaniwa kila mtu mwenye simu anaweza kuukata na kuubandika. Kinachomhakikishia mwananchi ni kwamba tangazo kalikuta kwenye anwani yenu ya .go.tz, hiyo tapeli hana. Na saini za kielektroniki zina sheria yake toka 2015, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, kwa hiyo anayesema bila wino siyo halali muulizeni ametoa wapi.

Sikwambii muuache muhuri kesho, najua ofisi zetu. Fanya hivi: unapodai ile skani, dai na faili la Word alilochapa katibu muhtasi. Maneno yote ya tangazo yaweke kama ukurasa wa kawaida wa tovuti, kichwa kiwe kichwa, tarehe ya mwisho iwe juu, jedwali liwe jedwali, halafu chini kabisa ambatanisha hiyo skani yenye muhuri kwa anayetaka kuuona. Mkurugenzi anabaki na muhuri wake, mwananchi anapata maandishi. Halmashauri moja ninayoifahamu walifanya hivyo na kilichowashangaza ni simu za kuulizia "deadline lini" kupungua, maana sasa hata Google inalisoma tangazo.

Kuna watakaokwambia pitisha skani kwenye OCR, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, maandishi yatatoka. Yanatoka, lakini kwenye majedwali ya majina yanavuruga vibaya, Mgogo mwenye jina la herufi kumi na moja anaweza kutoka na jipya kabisa. Kwa tangazo fupi sawa, kwa orodha ya usaili usithubutu bila mtu wa kupitia mstari kwa mstari.

Nyaraka za zamani? Msijiue nazo. Uingereza sheria yao ya tovuti za umma ya 2018 iliziruhusu kuachwa nyaraka zilizowekwa kabla ya tarehe 23 Septemba 2018, labda ziwe bado zinahitajika kwa huduma. Ni busara ya kawaida. Chora mstari leo, mapya yote yawe ya maandishi, ya zamani rekebisheni zile fomu tano sita watu wanazozipakua kila siku, mwananchi akiomba nyingine mnamwandalia.

Na hilo la kurushiana mpira, hapo ndo pagumu kweli na mi sina dawa ya mtandao. Itisheni kikao kimoja cha TEHAMA, habari, utumishi, masijala na katibu muhtasi, narudia katibu muhtasi, maana huwa hamumwiti na yeye ndo mwenye faili lenyewe.

Kuna kampuni imetujia na kitu kinaitwa wijeti, ukibandika mstari mmoja tu kwenye tovuti kinatokea kialama cha kiti mwendo pembeni, mtu akikibonyeza anaongeza fonti na kubadili rangi, wanasema mtafaulu ukaguzi wowote na ni rahisi kuliko kurekebisha tovuti. Tununue? — Ugavi, Dodoma mjini

Hapana.

Basi nieleze kidogo. Anayehitaji maandishi makubwa tayari ameweka kwenye simu yake, anayetumia NVDA tayari ana NVDA, hahitaji ya kwako juu yake, na mara nyingi zinagombana. Wijeti haijui fomu yako ina kisanduku kisicho na jina, haiwezi kusoma ile skani ya Katikati ya Mpira hapo juu. Huko Marekani Januari 2025 tume yao ya biashara, FTC, ilitangaza kuibana kampuni moja kubwa ya vitu hivi, accessiBe, ilipe dola milioni 1 kwa kudai bidhaa yake inaifanya tovuti yoyote itimize WCAG wakati haikuwa kweli. Hela mliyotaka kununulia hiyo muiteni mtu asiyeona mmoja na mwenye uoni hafifu mmoja wakae na tovuti yenu siku mbili, muwalipe kama mnavyomlipa mtaalamu yeyote, siyo nauli na soda.

Shikamoo mwandishi. Mi ni mwalimu, sioni, nilisoma Buigiri enzi hizo na sasa nafundisha. Natumia simu yenye TalkBack, najua kujaza fomu mwenyewe. Mwezi uliopita nimejaza maombi kwenye mfumo mmoja wa umma, nikafika mwisho ikaniambia muda umekwisha, nikaanza upya. Mara ya tatu nikawahi, nikakutana na picha ya herufi zilizopinda nitambue mi siyo roboti. Ikabidi nimuite mtoto wa jirani, namba yangu ya siri kaisikia, mshahara wangu kauona. Hawa wakikaguliwa sisi tunaambiwa matokeo? Na mtu analalamika wapi? — Mwalimu, Chamwino

Marahaba mwalimu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, hilo la mtoto wa jirani kuuona mshahara ndo lililonikaa, kwa sababu kwenye ripoti lingeandikwa tu "kigezo 2.2.1 hakijatimizwa", yaani kile cha WCAG cha muda, na kikao kingeendelea na chai.

Yote mawili uliyokutana nayo ni makosa yanayojulikana kabisa. Muda: mfumo ukitaka kumtoa mtu lazima umuonye kwanza na umpe angalau sekunde 20 za kubonyeza kitu chepesi kuongeza muda, na aweze kuongeza tena na tena, angalau mara kumi. Anayesikiliza fomu kwa sauti anaenda taratibu kuliko anayeiona, aliyeweka dakika kumi alijipima mwenyewe. Zile herufi zilizopinda nazo zinatakiwa ziwe na njia nyingine isiyotegemea macho. Wengine wanaweka sauti wanaona wamemaliza, kumbe sauti yenyewe mtu anasema namba kwa Kiingereza cha pua akiwa kama ndani ya pipa. Kutumiwa namba kwa meseji ni rahisi zaidi na TalkBack inaisoma bila shida.

Kuhusu haki, unayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ibara yake ya 9 inataja wazi mifumo na teknolojia ya habari na mawasiliano, siyo ngazi na milango tu. Ofisi nyingi bado zinafikiri wakiweka ramp wamemaliza.

Matokeo ya ukaguzi kuwafikia ninyi, hapo naona tungejifunza kitu kwa Waingereza. Kwao kila tovuti ya umma inatakiwa iwe na tamko la ufikivu, ukurasa unaosema wazi nini hakifanyi kazi, kitarekebishwa lini, na mwananchi aandike wapi akikwama. Serikali inachukua sampuli ya tovuti inazipima, taasisi inatumiwa ripoti, inapewa wiki 12 za kurekebisha, halafu inapimwa tena. Na msidhani wao walikuwa wasafi, walipoanza walikuta matatizo karibu kwenye kila tovuti waliyopima, rangi hafifu, kibodi haionekani ilipo, pidiefu, yale yale yetu. Tofauti ni kwamba kuna mtu anarudi kuangalia. Huku nilikokaa mimi ripoti nyingi niliziona zikiwasilishwa kwa projekta, zikapigiwa makofi, zikaingia kwenye faili, na mwaka uliofuata kaja mkaguzi mwingine kaandika yale yale kwa maneno yake. Wakubwa mtanisamehe, lakini mnajua.

Kwa sasa mwalimu, andika kwa taasisi yenyewe, kwa maandishi, kwa mkuu wa taasisi na nakala kwa kitengo cha TEHAMA. Usiandike "mfumo wenu mbaya", hiyo wataijibu "asante kwa maoni". Andika siku na saa, simu gani, unatumia TalkBack, ulifika ukurasa gani, ilisema maneno gani, na mwisho ulilazimika kufanya nini. Hilo la mtoto wa jirani liandike lote bila aibu. Pitisha nakala na kwenye chama chenu cha wasioona, barua tano za namna hiyo zikifika mezani siku moja hata bosi asiyependa kusoma anasoma.

Mjomba na hizi habari zako, tuseme ukweli, tovuti yetu inatembelewa na wasioona wangapi? Hata mmoja hatujawahi kumuona. Bajeti yenyewe ya intaneti inatutoa jasho. — Mhasibu

Hamjamuona kwa sababu akiingia hatoi shikamoo, na akishindwa anaondoka kimya. Ni kama kujenga ofisi ghorofa ya tatu bila lifti halafu useme mbona hawaji wenye viti mwendo.

Halafu wewe mwenyewe mhasibu nakuuliza, umri wako? Simu unaisogeza mbali ukisoma? Basi unahusika. Toka hapo saa saba mchana simama Nyerere Square, jua la Dodoma unavyolijua, fungua tovuti yenu yenye maandishi ya kijivu juu ya nyeupe uone kama utasoma hata namba ya simu. Kipimo cha WCAG ni maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na kuongeza weusi wa maandishi hakuna stakabadhi yake, ni bure. WebAIM, shirika la ufikivu wa wavuti huko Marekani, kila mwaka wanapima kurasa za mbele milioni 1 duniani, na kosa linaloongoza miaka nenda rudi ni hili hili la maandishi hafifu.

Mjomba nilifuata ushauri wako wa toleo lililopita nikawasha TalkBack kwenye simu yangu nijionee. Sasa siwezi kuizima, kila nikigusa inaongea tu, nimeandika hii kwa simu ya wife. Nisaidie haraka. — Afisa Mipango, Nkuhungu

Kosa langu, nilisahau kuwaambia namna ya kutoka. Bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa pamoja, shikilia kama sekunde tatu, kwenye simu nyingi za Android itazima. Ikigoma, ujue ukigusa mara moja inakusomea tu, ukitaka kufungua kitu unakigusa kwanza halafu unapiga kidole kimoja mara mbili haraka popote kwenye skrini, na kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Ingia hivyo taratibu mpaka kwenye mipangilio uizime. Ila kabla hujaizima, kwa kuwa umeshakwama humo, hebu fungua tovuti ya ofisi yenu dakika tano halafu uniandikie umesikia nini.